Gitaa kuukuu: Hazina au kuni?

Ya kale ni dhahabu, walinena wahenga. Lakini wahenga hao hao ndio waliotuonya kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Leo, msomaji mpenzi, tuziweke methali hizi mbili katika mizani moja, na bidhaa ya kupima iwe ni gitaa kuukuu.

Huenda nyumbani kwenu liko moja. Limetundikwa ukutani sebuleni, au limelala chini ya kitanda cha babu likiwa limebakiza nyuzi tatu, na buibui amejijengea ploti ndani ya tundu lake. Au pengine una kijana chuoni aliyekuja likizo na hoja nzito: kwamba badala ya pesa kuwekwa benki, afadhali linunuliwe gitaa la zamani, au amplifaya ya zamani, kwa kuwa eti vitu hivyo havishuki bei. Anakuonyesha picha kwenye simu. Anakutajia mamilioni. Wewe uliyekuwa ukiwaza karo na kodi ya nyumba unabaki umeduwaa, hujui umkemee au umpigie makofi.

Je, kijana huyo anasema kweli? Jibu ni ndiyo na la. Tena ni muhimu kujua ndiyo inaishia wapi na la inaanzia wapi, kwa maana hapo katikati ndipo pesa za watu zinapozama.

Mamilioni ya mnada

Tuanze na hayo mamilioni, kwa sababu si uongo. Mnamo Juni 2019, David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd alipiga mnada magitaa yake kupitia kampuni ya Christie's jijini New York. Gitaa lake jeusi aina ya Fender Stratocaster lilikwenda kwa dola 3,975,000. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2020, gitaa la Martin la mwaka 1959 ambalo Kurt Cobain wa Nirvana alilipiga katika onyesho la televisheni mwaka 1993 lilinunuliwa kwa dola milioni 6.01. Tukikadiria dola moja kuwa shilingi 130, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 780. Gitaa moja!

Lakini hebu tutazame kilichonunuliwa hapo. Je, ni mbao na nyuzi? La hasha. Kilichonunuliwa ni mkono uliolishika gitaa lile.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka papa hapa barani Afrika. Gitaa alilokuwa akipiga John Lennon mnamo Julai 6, 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney kwa mara ya kwanza mjini Liverpool, halikutengenezwa Uingereza wala Marekani. Lilikuwa Gallotone Champion, gitaa la bei rahisi lililoundwa Afrika Kusini na kampuni ya Gallo. Mwaka 1999 liliuzwa kwa mnada na kampuni ya Sotheby's kwa zaidi ya pauni 140,000. Sasa fikiria juu ya ndugu zake, yale magitaa mengine yaliyotoka kiwanda hicho hicho, kwa mbao zile zile na gundi ile ile. Bei zake hazikaribii hata kidogo. Tofauti si ufundi. Tofauti ni kisa.

Kwa hivyo fundisho la kwanza ni hili: usichanganye gitaa la nyota na gitaa la zamani. Hayo ni masoko mawili mbalimbali, ingawa bidhaa zinafanana.

Kwa nini bei zilipanda

Hata hivyo, yapo magitaa ambayo hayakupigwa na mtu yeyote maarufu na bado yana bei ya kutisha. Linaloongoza ni Gibson Les Paul Standard lililotengenezwa kati ya 1958 na 1960 huko Kalamazoo, Marekani. Lilipakwa rangi iliyo nyekundu pembeni na ya manjano katikati, mithili ya jua linalochwea. Lilipotoka dukani bei yake ilikuwa chini ya dola 300, na ajabu ni kwamba wateja hawakulichangamkia. Kufikia 1961 kampuni ilikuwa imeliacha na kuleta umbo jingine. Yaliyotengenezwa katika miaka hiyo mitatu hayakufika 2,000.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1966 kijana Mwingereza aitwaye Eric Clapton alilipiga gitaa la aina hiyo katika albamu ya John Mayall, akiliunganisha na amplifaya ya Marshall iliyofunguliwa sauti hadi mwisho. Vijana waliosikia mlio ule waliutaka. Walipokwenda madukani waliambiwa magitaa hayo hayatengenezwi tena. Hapo ndipo mbio zilipoanza. Leo lililo katika hali nzuri huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Kisa cha Fender nacho ni tofauti kidogo. Mwaka 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wapigaji wengi walilalamika kwamba kadiri miaka ilivyosonga, kazi ya kiwandani ililegea. Ndipo likazuka pengo la bei ambalo lipo hadi leo: gitaa la Fender la kabla ya mauzo hayo ni mali, na la baada yake ni la daraja la chini, hata kama yamepishana kwa miezi michache tu.

Ukitazama visa hivi viwili utaona mambo matatu yanayobeba bei. Kwanza, uchache wa kweli. Pili, ubora unaosikika masikioni. Tatu, na hili ndilo kubwa, kizazi kizima kilichoutamani mlio fulani kikiwa na umri wa miaka 17 na mifuko mitupu, kisha kikazeeka kikiwa na pesa.

Hesabu isiyosemwa

Sasa kijana wako atakwambia: si umeona mwenyewe? Dola 300 zimezaa dola 300,000!

Mwambie achukue karatasi. Tuseme mtu alinunua gitaa hilo mwaka 1959 kwa dola 300, akaliuza mwaka 2024 kwa dola 300,000. Hiyo ni miaka 65. Ukipiga hesabu ya riba juu ya riba, utaona kwamba pesa zake zilikua kwa asilimia 11 hivi kila mwaka. Si mbaya. Lakini hisa za makampuni makubwa ya Marekani, ukichanganya na gawio lake, zimekua kwa wastani wa karibu asilimia 10 kwa mwaka katika kipindi kirefu. Yaani gitaa lililoshinda magitaa yote duniani limezipita hisa za kawaida kwa unywele tu!

Na hapo hatujatoa gharama za bima, za kulitunza na za dalali. Wala hatujamtaja mwenzake aliyenunua gitaa la kampuni nyingine mwaka huo huo wa 1959, ambalo leo halina anayelikumbuka. Sisi tunalisimulia lililoshinda kwa sababu tayari tunajua lilishinda. Mwaka 1959 hakuna aliyejua. Hata kiwanda chenyewe hakikujua, ndiyo maana kililiacha.

Isitoshe, bei hizi hushuka pia. Kabla ya msukosuko wa fedha wa 2008, magitaa ya kale yalikuwa yamepaa mno, huku watu wasiojua hata kukaza uzi wakiyanunua kama hisa. Msukosuko ulipofika, wengi wao walitaka kuuza kwa wakati mmoja, na bei zikaporomoka. Aliyenunua kileleni mwaka 2007 alingoja miaka mingi kurudisha pesa zake. Kisha ukaja ugonjwa wa korona mwaka 2020. Watu wakajifungia nyumbani, wakatafuta cha kufanya, na magitaa yakanunuliwa kama mkate. Bei za vifaa vilivyotumika zikapanda, na watu walipofunguliwa milango, vile vya kawaida vikateremka tena.

Nani atayanunua kesho?

Hili ndilo swali lenyewe, msomaji. Wale walioutamani mlio wa Clapton wakiwa vijana wa miaka 17 sasa wamepita miaka 70. Wanapunguza mali, wanahamia nyumba ndogo, na wengine wanaaga dunia wakiwaachia watoto wao magitaa 20 ambayo watoto hao hawayahitaji. Wauzaji wanaongezeka huku wanunuzi wa rika hilo wakipungua.

Nani hakumbuki stempu? Kuna wakati ambapo karibu kila darasa lilikuwa na mtoto mwenye kitabu cha stempu, na wazazi waliamini kwamba kitabu hicho siku moja kitalipa karo ya chuo kikuu. Zile stempu chache zilizo adimu kabisa bado zina bei. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, hazina mnunuzi. Stempu zenyewe hazikuharibika. Walioharibikiwa ni waliodhani kwamba watoto wao watapenda walichopenda wao.

Dalili ni kwamba magitaa nayo yanafuata njia hiyo, ila kwa tofauti moja: gitaa linapigwa, stempu haipigwi. Yale adimu kabisa yatashikilia bei kwa sababu yamekuwa kama michoro ya wasanii wakuu. Matajiri watayanunua hata wasipojua kuyapiga. Ya kawaida ya miaka ya 1960 na 1970 ndiyo yaliyo hatarini. Na wakati huo huo macho yanahamia kwingine. Ona kwamba rekodi ile ya dola milioni 6.01 haikuwekwa na gitaa la mwanamuziki wa miaka ya 1960. Iliwekwa na la Cobain, aliyekuwa sauti ya vijana wa miaka ya 1990. Waliokuwa na miaka 17 wakati huo sasa ndio wenye mishahara.

Mfano mwingine ni kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kiitwacho Klon Centaur. Pedali hiyo ilianza kuundwa mwaka 1994 na Mmarekani Bill Finnegan, karibu na mji wa Boston, na ikauzwa kwa mamia machache tu ya dola. Zilitengenezwa 8,000 hivi. Leo moja huuzwa kwa maelfu ya dola, ilhali zipo nakala zake za bei nafuu ambazo wapigaji wengi hawawezi kuzitofautisha kwa sikio. Anayenunua ile ya asili hanunui mlio peke yake. Ananunua ujana wake. Na ujana wa mtu, ndugu msomaji, ni bidhaa ambayo mnunuzi wake ni mmoja tu.

Amplifaya ina mashaka zaidi

Ikiwa gitaa ni la kufikiriwa mara mbili, amplifaya ya kale ifikiriwe mara nne. Amplifaya kama Vox AC30 ya Uingereza ina uzito wa zaidi ya kilo 30. Ndani yake mna valvu za kioo zinazowaka kama globu ndogo, na valvu hizo siku hizi zinatengenezwa katika nchi chache tu, hasa Urusi, China na Slovakia. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, biashara hiyo iliyumba. Aidha, vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme hukauka kwa miaka na lazima vibadilishwe, na kila unachobadilisha kinapunguza uasili ambao mkusanyaji anaulipia.

Upande wa pili, tangu miaka ya 1990 mwishoni vimekuja vyombo vya kompyuta vinavyoiga milio ya amplifaya hizo, na kila mwaka vinaiga vizuri zaidi. Mwanamuziki wa leo anaweza kubeba amplifaya 50 ndani ya begi la shule. Kijana aliyezoea hivyo atakubali kubeba kilo 30 kwenye matatu hadi lini?

Na kwa wale wanaoagiza kutoka Marekani, tahadhari. Amplifaya za huko nyingi ni za volti 110 hadi 120. Soketi zetu ni za volti 240. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia mlio mmoja tu, wa mwisho. Wala usiifungue mwenyewe eti kwa kuwa umeizima. Umeme huweza kubaki ndani hata baada ya waya kuchomolewa, na umewahi kuua watu. Mpe fundi anayezijua.

Mbao zenye pasipoti

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui hadi wafikapo uwanja wa ndege. Magitaa bora ya zamani yaliundwa kwa mti wa Brazili uitwao kitaalamu Dalbergia nigra. Tangu 1992 mti huo umo katika orodha kali kabisa ya mkataba wa CITES unaolinda viumbe na mimea iliyo hatarini. Kuvusha mpaka gitaa lenye mti huo kwahitaji kibali. Mengine yana vipande vya pembe za ndovu, na hapa Kenya, nchi iliyochoma pembe hadharani mwaka 1989, sina haja ya kukueleza utakavyotazamwa.

Mwaka 2017 orodha ya pili iliongezewa jamii yote ya miti hiyo, ukiwemo mpingo wetu wa Afrika Mashariki, unaochongwa vinyago na pia kutengenezewa zumari za kizungu. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa katika masharti ya orodha hiyo ya pili, lakini mti wa Brazili haukuachiliwa. Mali ambayo huwezi kumuuzia mtu aliye ng'ambo bila kibali ni mali yenye wanunuzi wachache. Kabla ya kununua au kuuza, ulizia katika Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Gitaa la babu

Turudi sasa chini ya kile kitanda. Ufanye nini na gitaa la babu?

Kwanza kabisa, usilipake rangi! Hili ndilo kosa linaloteketeza mali nyingi. Mtu analiona limechubuka, analipeleka kwa fundi wa jua kali, linarudi linang'aa kama kabati jipya. Gitaa la thamani likipakwa rangi upya kwa kawaida hupoteza karibu nusu ya bei yake. Mikwaruzo ile ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Pili, usitupe kilichong'olewa. Skrubu za zamani, vigingi vya kukazia nyuzi, sanduku lake lililochakaa, hata pikapu zake, nami sisemi pikapu ya kubebea makabeji bali zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, vyote viweke. Kuna pikapu za Gibson za miaka ya 1950 ambazo peke yake zina bei ya maelfu ya dola, na walaghai huzing'oa na kutia nyingine bila mwenyewe kujua.

Tatu, litunze. Usilitundike dirishani penye jua wala chini ya mabati matupu. Kwa walio Mombasa, unyevu wa hewa huvimbisha mbao na kulegeza gundi. Liweke ndani ya sanduku, ulegeze nyuzi kidogo, na utie vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Nne, andika kisa chake. Fundi Konde alituacha mwaka 2000, Fadhili William na Daudi Kabaka mwaka 2001. Kandokando yao walikuwepo wapigaji wengi ambao majina yao hayakuandikwa kwenye santuri. Ikiwa babu au mjomba alikuwa mmoja wao, tafuta picha akiwa na gitaa lile, risiti, barua, tangazo la dansi. Keti na shangazi akueleze tarehe na majina, uandike. Tumeona kwamba kisa ndicho kilicholipandisha gitaa la Gallotone, na kisa kisicho na ushahidi ni porojo. Hata kama hapatatokea mnunuzi, wajukuu watakuwa wamepata kitu ambacho mnada hauwezi kuwauzia.

Nawe kijana

Neno la mwisho ni lako wewe mwanafunzi. Usichukue pesa za HELB, wala mkopo wa simu, ukanunue gitaa la kale kwa tumaini la kuliuza ghali. Mkopo una tarehe ya kulipwa, gitaa halina tarehe ya kununuliwa. Hisa zako katika chama cha akiba na mikopo zina utaratibu wa kukurudishia pesa. Gitaa adimu litakungojesha hadi apatikane mtu mmoja, pengine yuko Tokyo, anayelitaka hilo hilo.

Lakini kama unalipenda gitaa, na una pesa ambazo hazina kazi nyingine, nunua. Nunua lililotumika, lililo imara, kwa bei ambayo hutalia ikishuka. Kisha lipige kila siku hadi vidole viote sugu. Likipanda bei, shukuru. Likishuka, ujuzi ulio vidoleni hauteremki nalo, na kwenye harusi na mahafali ndio utakaokulipa.

Akiba haiozi, husema watu. Lakini gitaa lisilopigwa huoza.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.